Kiti cha Utingo

Nyumba ilianza kunuka mafuta ya nyonyo siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa amefunga choo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, chai iko mezani na kila mtu ana usingizi wake usoni. Harufu ikaingia kutoka vyumba vya nyuma: nzito, tamu, ya kuungua, kama mtu ameyamwaga mafuta hayo juu ya bati la moto. Fundi Meno alinusa kikombe chake. Akanusa mkate. Akainama, akamnusa shemeji yake.

"Usininuse," shemeji akasema. "Nimeoga."

"Lini?"

"Shemeji, tuheshimiane. Kuna mwanamke hapa mezani."

"Mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuwa anakuogesha," akasema mke wa Fundi Meno bila kuinua macho. "Kula."

Huyo shemeji alikuwa mdogo wa pekee wa yule mama. Alikuwa dereva wa lori, mwili kama kabati la milango mitatu, na watu walikuwa wamemwita Tani Saba kwa muda mrefu hata akiitwa jina la kwenye cheti aligeuka kutazama anaitwa nani. Wazazi wao walikufa angali anatambaa. Dada alimlea kwa cherehani: akashona, akamlisha, akamchapa, akampeleka shule, shule ikamrudisha, akampeleka tena. Mpaka leo, jitu lile na ndevu zake likikohoa chumbani, dada huku aliacha uzi katikati ya tundu la sindano. Aliyetaka kumuua mama huyu asingehangaika na kisu. Angemgusa Tani Saba tu, basi.

Fundi Meno kwa kazi alitengeneza meno ya bandia, na nusu ya wazee wa mji walitafuna nyama kwa hisani yake. Lakini meno yalikuwa riziki. Mapenzi yalikuwa chumba cha nyuma. Humo alijenga vigari, tena si vya watoto. Vilikuwa mifano ya magari ya mashindano ya zamani, ya enzi ambazo madereva walivaa kofia za ngozi na miwani ya upepo na kufa kwa wingi. Kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo kimoja, mpaka kichwa cha skrubu. Njiti za magurudumu alizisuka kwa waya wa kunyooshea meno. Viti alivivisha ngozi laini, na siku mkewe alipouliza mkoba wake mweusi umekwenda wapi, Fundi Meno alipatwa na kikohozi cha ghafla.

"Mwanaume mzima," Tani Saba alikuwa akisema mlangoni, "unavipulizia vumbi kwa mrija. Lori langu linavikanyaga vyote kwa gurudumu la akiba."

"Lori lako halina breki wala adabu."

"Lina mimi."

Sasa, gari jekundu. Hilo hakulijenga yeye. Aliwekewa mezani na mjane mmoja wa maneno machache, ambaye marehemu mume wake alikuwa fundi wa vigari kama yeye. Gurudumu moja limechomoka, rangi imepasuka kama kisigino cha mkulima, lakini lo! kazi ya mikono! Fundi Meno aliliinua akasahau kumkaribisha mgeni kiti. Kitu kimoja tu kilimkera. Boneti ilikuwa imezungushiwa mkanda wa ngozi, ukapita chini ya tumbo, ukarudi juu, ukafungwa fundo gumu lililokazwa kwa meno ya mtu.

"Tengeneza yote," mjane alisema. "Mkanda usiuguse. Aliufunga mwenyewe, na mpaka anakata roho alikuwa ananiuliza kama bado umefungwa."

Mtu mwingine angetii. Lakini watu wa vigari wana ugonjwa wao: mwenzao akizini watamsitiri, akikosea skrubu watamtangaza. Na gari la aina ile, lilipokuwa gari kweli, lilitoka kiwandani na vibanio viwili vya chuma kila upande wa boneti. Mkanda halikuwa nao. Mkanda ule ulikuwa uongo, na ulikaa mbele ya macho ya Fundi Meno kama uzi wa nyama kati ya magego. Ulimi unauendea, unauendea, haulali. Mwisho akachukua kisu cha wembe, akaukata, akautupa kwenye pipa, na lori la taka likaupitia. Akachonga vibanio, vidogo kama punje za mtama, sahihi, vya kulia machozi. Akajisikia mtu safi.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ile ya harufu.

Siku ile ile, kabla ya mchana, mkewe akapiga ukelele chumba cha kushonea. Alikuwa ametandaza kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi, na juu yake, kutoka pindo hadi pindo, palikuwa na mistari miwili myeusi, myembamba, sambamba, yenye alama za kashata kama za tairi. Mistari ilivuka kitambaa. Ikavuka sakafu. Ikapanda ukuta, ikapita darini juu ya vichwa vyao, ikashukia dirishani.

"Tani Saba!" mama aliita. "Umefanya nini kwenye kitambaa cha watu?"

Tani Saba alikuja, akatazama sakafu, akatazama ukuta, akatazama dari kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "na tumbo hili?"

Walicheka, na yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Fundi Meno naye akacheka, huku amepitisha kidole kwenye ule weusi na kukipeleka puani. Nyonyo. Alijua maana yake, na katika nyumba ile ni yeye peke yake angeweza kuijua: injini za magari yale ya zamani zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na madereva walimaliza mashindano wamekunywa moshi wake hadi matumbo yakawaendesha. Akaenda chumba cha nyuma. Gari jekundu lilikuwa rafuni mahali pake. Chini ya boneti hakuna injini, aliona kwa macho yake, ni kipande cha mti kilichochongwa. Akaweka kiganja juu.

Boneti ilimuunguza.

Mficha uchi hazai, lakini Fundi Meno alificha. Angesema nini? Kwamba amekata alichoambiwa asikate, kwa sababu hakikuwa sahihi? Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kazini, akachonga meno ya watu vibaya mpaka jioni, akachonga vibaya na kesho yake.

Siku ya tatu aliomba ruhusa akarudi nyumbani jua likiwa la utosi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na ufunguo ungali mfukoni mwake.

Vigari vyake vyote vilikuwa sakafuni. Si kuanguka, kuanguka kungemsikitisha tu. Vilikuwa vimegongwa. Kile cha kijani kimekunjwa kama chapati. Cha buluu kimepasuliwa kutoka pua hadi mkia, njiti za magurudumu zimetoka nje kama mifupa ya samaki. Cha fedha, kilichomla miaka, kimeingizwa ndani ya cheupe hadi huwezi kujua nani kamzaa nani. Na juu ya rundo lile, bila mkwaruzo, limekaa jekundu.

Alitoka mbio. Tani Saba alikuwa sebuleni amevua shati, anakula.

"Umeviua!" Fundi Meno akapiga kelele, na yeye, mtu ambaye upepo ukizidi hushika nguzo, akalirukia lile kabati.

"Nimeua nini? Shemeji! Shemeji, nakula!" Tani Saba alimzuia kwa kiganja kimoja kwenye paji la uso, mkono wote umenyooka, na Fundi Meno akarusha ngumi zake hewani kama anayefukuza inzi. Ingekuwa siku nyingine, jirani angelipa kiingilio.

"Nimekukosea nini? Sijaingia chumbani kwako!"

"Nani basi? Nani?"

Ndipo waliposikia. Kutoka nyuma, ngurumo ndogo, kali, ya hasira, kama nyuki aliyefungiwa kopo la bati. Ikapanda. Ikashuka kama inabadilisha gia. Ikapanda tena.

"Umelitia mota?" Tani Saba akanong'ona.

"Halina," Fundi Meno akanong'ona naye. "Ni mti mtupu."

Pazia la ukumbini liliinuka kidogo chini, na gari jekundu likatoka likiwa limelala upande kwenye kona, magurudumu mawili hewani. Likazunguka mguu wa meza, likapita nyuma ya Tani Saba, na mlio ule ukakata kitu. Fundi Meno aliona mshipa wa kisigino cha shemeji yake ukiachia na kukimbilia juu ndani ya ngozi ya mguu kama kamba iliyokatika. Damu ikachora ukuta. Lile kabati likaanguka na meza, na sahani, na mchuzi, nyumba ikatikisika. Kabla hajapata pumzi ya kulia, gari likageuka, likapanda mguuni, pajani, tumboni, likimwachia mistari miwili ya kuungua iliyotoa moshi, likapita juu ya kifua na shingo na kusimama na pua yake mdomoni kwake, na hapo likanguruma mahali pamoja, likitetemeka, moshi mweusi ukiingia wote ndani yake, naye akiumeza, akiumeza, macho yamemtoka, mikono imeshindwa hata kujiinua kuliondoa.

Kisha likaanguka ubavu kama kichezeo cha mtoto. Kimya.

Tani Saba aliketi.

Hakushika mguu. Damu ilikuwa imekoma. Aliketi wima, miguu mbele, akanyoosha mikono, akashika usukani ambao haukuwapo.

"Shemeji," Fundi Meno akasema. "Shemeji, mimi ni mjinga. Cheka."

Madirisha yalikuwa yamefungwa, pazia halikutikisika, lakini nywele za Tani Saba zililala nyuma. Mashavu yake yakavutwa kuelekea masikioni, midomo ikafunuka, ufizi ukaonekana mpaka mizizi, na machozi yakamtoka yakikimbilia nyuma. Upepo ulikuwa unampiga yeye peke yake. Kitu kidogo kikapasuka juu ya meno yake, tap, kikaacha bawa. Mdudu. Kisha mwingine, tap, kwenye paji. Uso ukaanza kutapakaa mafuta meusi, matone kwa matone, yote meusi isipokuwa duara mbili safi kuzunguka macho, pale ambapo mtu angevaa miwani ya upepo.

Mke wa Fundi Meno aliingia na kikapu mkononi. Kikapu kikaanguka.

"Mdogo wangu?"

Gari dogo likainuka kwa magurudumu yake, likaanza kuzunguka chumba.

Kila lilipokata kona, Tani Saba alirushwa. Likaenda kushoto, yeye akatupwa kulia ukutani kwa uzito wake wote, na mbavu zake zikalia kama kuni mbichi. Likanyooka, naye akanyooka katikati ya sakafu, mikono kwenye usukani. Kona nyingine, ukuta mwingine. Dada yake alimkumbatia kiunoni kumzuia. Wakarushwa wote wawili, akapita mlangoni kwa mgongo akaangukia ukumbini, akainuka na damu sikioni, akarudi kumkumbatia. Fundi Meno alilivizia gari kwa mikono. Likampasua kiganja cha kushoto na kupita. Alichukua nyundo. Akapiga, akalipata sawasawa juu ya boneti, na kichwa cha nyundo kikachomoka mpini kikarudi usoni kwake, kikaondoka na meno mawili ya mbele. Fundi wa meno, meno yake mwenyewe mkononi. Hata kucheka hakuna aliyecheka.

"Kamwite Bi Taratibu," akasema kwa pengo. "Kimbia!"

Mkewe alikimbia. Bi Taratibu, mganga, hakukimbia. Mwanamke yule hakuwahi kukimbilia kitu tangu azaliwe, na ndiyo sababu ya jina. Walisema hata kuzaliwa alichelewa. Alikuja kwa miguu, na goti lake bovu, akasimama mlangoni, akamtazama Tani Saba akigonga ukuta, akatazama gari, akasema: "Nipeni kiti."

"Bibi, anakufa!"

"Na mimi nikianguka hapa, mtakuwa na maiti wawili. Kiti."

Alipewa kiti. Akakaa. Akamtazama Fundi Meno, akamsoma kama bei ya nyama.

"Ulitoa nini?"

"Mimi?"

"Kitu kile hakikufunguka chenyewe."

Fundi Meno alitazama sakafu. "Kulikuwa na mkanda. Mwenyewe alisema usiguswe. Nikaukata."

Mkewe aligeuka polepole. "Ulikata kitu cha mtu, umekatazwa, kwa sababu gani?"

"Haukuwa... haukuwa sahihi."

"Na mdogo wangu sasa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote, "ndiyo yuko sahihi?"

Tani Saba akagonga ukuta. Plasta ikadondoka.

"Tuufunge tena!" Fundi Meno akasema. "Nitatafuta ngozi nyingine!"

"Kilichokatwa hakifungi tena. Tulia." Bi Taratibu akainama mbele, mikono juu ya fimbo, akamsemesha yule aliyekuwa ndani ya Tani Saba, kama anavyosemeshwa mpita njia. "Hodi, bwana. Unakwenda wapi?"

"NIPISHE!" Haikuwa sauti ya Tani Saba. Ilikuwa imechanwachanwa na upepo, inafika vipande vipande.

"Nakupisha. Unakwenda wapi?"

"Mbele!"

"Mbele kuna nini?"

"Kona!"

"Na baada ya kona?"

Sauti ile ikacheka. Kicheko kilimtoa Tani Saba damu puani, na upepo ukaifuta kuelekea masikioni. "Sijui. Hakuna dereva wangu aliyewahi kufika."

Bi Taratibu aliketi nyuma, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha haraka. Alijaribu maneno yake, ya chini chini, marefu. Akaacha. "Hayamfikii," akasema. "Jini la mwendo hili. Nikisema neno, limeshaondoka. Neno linabaki nyuma kama karatasi barabarani. Mpaka lisimame. Wewe, fundi wa vigari, magari haya yalisimamishwaje?"

"Breki zake zilikuwa mapambo."

"Yanakula nini?"

"Petroli. Tangi liko nyuma, chini, haiji yenyewe mbele." Akatazama sakafu, kushoto kwa Tani Saba. "Anakaa utingo pembeni ya dereva. Kuna kiti cha pili. Utingo anapiga pampu kwa mkono, njia nzima. Akiacha kupiga, injini inakufa."

Wote wakasikia sasa kile ambacho ngurumo ilikuwa imekifunika: kwi-ka, kwi-ka, kwi-ka, chuma kikipanda na kushuka, hapo pembeni ya Tani Saba, hewani, hakishikwi na mtu.

"Kiti kitupu," Bi Taratibu akasema, "huketiwa."

"Nakaa mimi," mama akasema, tayari anavua viatu.

"Wewe hujui pampu iko wapi," mumewe akasema.

"Nitaitafuta!"

"Mke wangu." Pengo lilipuliza maneno. "Hii ndiyo kazi pekee duniani ninayoijua kuliko wewe. Niachie."

"Ukiisimamisha," mganga akamwambia kwa haraka, "litatafuta pa kushika. Nikikuambia fumba, fumba. Na ukisikia sauti yoyote humo, usiiamini."

Fundi Meno akasubiri kona ipite. Akajirusha, akakaa.

Chumba kikatoweka. Upepo ulimpiga kofi la uso mzima, barabara nyeupe ikaja chini ya miguu yake kama kitambaa kinachovutwa na mwendawazimu, na kulia kwake alikuwa Tani Saba, uso mweusi, macho mekundu ndani ya duara zake, na kulia kwa Tani Saba, juu yake, ndani yake, kitu kingine kilichokuwa na mikono mirefu kupita kiasi juu ya mikono ya Tani Saba, na mguu wake juu ya mguu ule uliokatwa, kimekanyaga, kimekanyaga. Mpini wa pampu ulikuwa mkononi mwa Fundi Meno, mkono wa kulia, na mkono ulikuwa unapiga tayari, kwi-ka, kwi-ka, bila kuulizwa, kama mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yote na kufa nayo.

Akaubana. Ukasimama.

"PIGA!"

Hakupiga. Mpini ukampiga yeye. Ulirudi nyuma kwa nguvu ya punda, kidole gumba kikavunjika, akaubana. Ukazunguka, kifundo cha mkono kikalia na mfupa mweupe ukachungulia kwenye ngozi. Akaubana kwa mfupa huo huo. Jini likaachia usukani mkono mmoja, likamshika kichwa na kukigonga kwenye bati, mara, tena, tena, mpaka jicho moja likajaa damu na barabara ikawa nusu nyekundu, na mbele, mwisho wa barabara, akaiona kona: ukuta mweupe, mrefu, wenye madoa makubwa meusi ya umbo la watu, doa juu ya doa, na katikati yake pamebaki mahali peupe papana, panamtosha mtu mmoja wa mwili kama kabati.

"Mume wangu!" Ilikuwa sauti ya mkewe, sikioni kabisa, inalia. "Piga! Piga, moyo wake unasimama! Unamuua mdogo wangu! Nakuomba, baba, piga!"

Na yeye hakujua. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko mfupa. Sauti ilikuwa yake, kilio kilikuwa chake, hata kile kikwazo kidogo anachokuwa nacho kooni akilia kilikuwamo, na kama ni yeye kweli amesimama pale sebuleni akimwona nduguye anakata roho, basi mtu anayebana pampu ndiye muuaji, na atakaa naye meza moja mpaka kufa. Akalia kwa sauti. Akaubana mpini na meno aliyobakiwa nayo yakiwa yameumana, akasema, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe," na hakupiga.

Injini ikakohoa.

Ikakohoa tena. Upepo ukapungua, ukawa kofi, ukawa pumzi. Ukuta ulikuja polepole, polepole zaidi, mpaka aliweza kuona kucha zilizoachwa ndani ya yale madoa, na pua ya gari ikaugusa ukuta kwa sauti ndogo kama kikombe kinachowekwa juu ya kisahani. Likasimama.

Kulia kwake ile mikono mirefu ikaachia usukani. Kitu kile kikageuka kumtazama. Hakikuwa na hasira. Kilikuwa na hofu, kama mtoto aliyepotea sokoni, kikaanza kupungua, kupungua, na mpini mkononi mwa Fundi Meno ukawa wa moto, ukawa laini, ukawa na mapigo.

"FUMBA!" Bi Taratibu alipiga kelele kutoka mbali. "Fumba mkono!"

Akafumba.

Alikuwa sebuleni. Tani Saba alikuwa amelala kifudifudi, anakoroma damu, lakini anakoroma, na dada yake amemlalia mgongoni kama anamficha. Aliinua uso kumtazama mumewe.

"Uliniambia nipige?" Fundi Meno akamuuliza.

"Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kanga," mkewe akasema. "Nisije nikasema lolote."

Bi Taratibu aliichukua ngumi ya kulia ya Fundi Meno, yenye mfupa nje na damu, akaiweka sikioni kwake. Akasikiliza. Akairudisha taratibu.

"Limo," akasema. "Likisimama linakuwa dogo hivyo. Ukifungua, litarudi kwenye kiti linachokijua." Akamwonyesha kwa kidevu Tani Saba.

"Nifumbe mpaka lini?"

"Mwanangu, mimi sijawahi kumwambia mtu lini."

Akalibeba gari jekundu kwapani na kwenda zake. Hospitalini madaktari waliuunga mkono, wakaugeuza, wakashangaa. Vidole havikufunguka kwa dawa wala kwa koleo, na walipoleta sindano ya kulegeza misuli mgonjwa aliuma mtu. Wakamwacha. Alijifunza kula kwa kushoto na kuvaa kwa kushoto. Chumba cha nyuma mkewe alihamishia cherehani. Usiku mke huyo alilala amekishika kifundo cha mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, naye hakuwahi kuambiwa afanye hivyo.

Tani Saba alikaa kitandani mpaka mbavu zikakubali kicheko. Siku aliyotoka kwa magongo, akaja sebuleni akasimama mbele ya shemeji yake, akataka kusema neno la kejeli, likamkwama.

"Dada amenieleza," akasema. "Mimi maneno haya siyajui, shemeji, unanijua. Basi nipe mkono tu."

Akaliweka gongo moja kwenye kiti, akanyoosha mkono wake mkubwa wa kulia.

Fundi Meno alitazama ngumi yake mapajani, vifundo vimekuwa vyeupe. Kisha akamnyooshea wa kushoto.

Watu wamepigana kwa dogo kuliko hilo. Cherehani ikanyamaza chumba cha nyuma. Tani Saba alitazama mkono ule wa kushoto, akaitazama ngumi, akaelewa. Akaliachia na gongo la pili, akausimamia mguu wake mbovu, akaupokea ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, kwa upole, kama anashika yai.

"Asante," akasema.

Na ndani ya ngumi ya kulia, kile kitu kidogo, kiliposikia sauti ya dereva wake karibu hivyo, kikakanyaga mafuta.